Safari ya meli: tiketi ikatwe lini?

Mwezi huu tuweke kando uji wa mtoto na kadi za kliniki, tuzungumze juu ya safari. Najua wapo watakaosema, "Mama huyu naye! Sisi wa Newala na Masasi, na meli, wapi na wapi?" Lakini fedha za korosho zikishaingia benki, maneno ya safari huanza. Watoto walioko Dar es Salaam au nje ya nchi wanataka kuwapa wazazi zawadi ya jubilei ya ndoa. Vikundi vya akina mama vinataka kwenda Zanzibar kuona kanisa la Mkunazini, lililojengwa penye soko la watumwa. Tena tuna haki ya kulitembelea, maana mwaka 1876 Askofu Steere alitoka huko na watu waliokombolewa utumwani, wakaja kwa bahari hadi Lindi, wakapanda kwa miguu hadi Masasi. Na mahali penye maneno ya safari hakosekani mtu mwenye "punguzo".

Msimu mmoja kikundi cha akina mama kumi na wawili, hapa hapa kwetu uwandani, kiliambiwa kitoe fedha zote kabla ya Ijumaa ili kipate punguzo la asilimia 40 katika safari ya meli ya kifahari. Waliniletea karatasi yenye picha ya meli nyeupe, ndefu kwenda juu kama hoteli ya ghorofa. Jina la meli lilikuwapo. Bei ilikuwapo. Tarehe ya kuondoka haikuwapo, wala bandari. Niliwauliza jambo moja tu: asilimia 40 ya shilingi ngapi? Hakuna aliyejua. Fedha zile, hawakuzitoa, zilikuwa ni sare, viatu na madaftari ya Januari ya watoto zaidi ya thelathini.

Basi hebu tuangalie jinsi meli hizi zinavyouzwa, kisha tushuke kwenye safari zetu za kawaida.

Meli ya kitalii si kama boti ya Zanzibar. Ni hoteli inayotembea: unalala humo, unakula humo, inakushusha bandari moja asubuhi na kukuchukua tena jioni. Meli za namna hii hutia nanga Zanzibar na Dar es Salaam, zikiwa katika mizunguko yake ya Bahari ya Hindi au njiani kati ya Ulaya na Afrika Kusini. Lakini kufika si kupakia. Abiria wake wengi wamepandia mbali, nao hushuka Zanzibar kwa saa chache tu kununua karafuu na kupiga picha. Kwa sisi wa Kusini bandari iliyo karibu zaidi kwa kupanda safari fupi za anasa ni Durban, Afrika Kusini. Huko kampuni ya MSC kwa miaka mingi imekuwa ikipeleka abiria pwani ya Msumbiji wakati wa kiangazi cha kwao, kuanzia karibu Novemba.

Ndani ya meli moja, siku moja, majirani wawili wanaweza kuwa wamelipa bei zilizoachana mno. Cha kwanza kinachotofautisha ni chumba. Kile cha ndani kisicho na dirisha ndicho rahisi, kisha chenye dirisha, kisha chenye kibaraza cha kukaa na kutazama bahari, na juu kabisa vyumba vya wakubwa. Chakula cha kawaida ni kile kile kwa wote. Mama anayetaka kupumzika na kula asichopika mwenyewe hapungukiwi kitu akilala chumba kisicho na dirisha. Usiku ni giza kote kote.

Cha pili ni siku ya kununua. Kampuni hufungua mauzo mwaka mmoja au zaidi kabla ya meli kung'oa nanga. Wa kwanza hupata nafasi ya kuchagua chumba, na mara nyingi hupewa nyongeza, kama vile vinywaji au fedha kidogo za kutumia melini. Januari hadi Machi ni miezi yao ya kutangaza sana, kwa kuwa watu wa Ulaya na Marekani hupanga likizo zao wakati huo, na kampuni hushindana kwa punguzo. Mnunuzi hutanguliza kianzio. Salio humalizwa kati ya miezi miwili na minne kabla ya safari, kila kampuni na sharti lake. Siku hiyo ikipita, walioshindwa hujitoa na vyumba hurudi sokoni. Hapo ndipo kampuni huanza kushusha bei, kwani chumba kikiondoka kitupu hasara yake hairudishwi. Ni kama muuza samaki wa Mtwara saa kumi na mbili jioni.

Huo ndio mzizi wa maneno "bei ya dakika za mwisho", na ni punguzo la kweli. Lakini, mama mwenzangu, jiulize limewekwa kwa ajili ya nani. Limewekwa kwa mstaafu anayeishi saa mbili kutoka bandarini, mwenye pasipoti isiyodaiwa viza, asiye na mtoto wa kuachia mtu. Akisikia leo kuna chumba cha bei nusu, kesho kutwa yumo melini. Mama wa Kitangari hawezi. Kama safari ni ya Ulaya anahitaji viza ya Schengen. Maombi yake hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yapelekwe si chini ya siku 15 kabla. Na mara nyingi itatakiwa viza ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikitoka Italia ikapita Uturuki na kurudi Ugiriki, kwa hesabu ya uhamiaji wewe umetoka na kuingia upya. Afrika Kusini ni nafuu, Mtanzania huingia bila viza kwa matembezi mafupi, lakini pasipoti ni lazima. Pasipoti mpya ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018 ada yake iliwekwa shilingi 150,000, na kwa mume na mke hiyo ni mara mbili. Ongeza tiketi ya ndege, ambayo nayo hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Unaokoa dola mia mbili kwenye chumba, unazirudisha zote kwenye ndege.

Kwa hiyo kwetu sisi punguzo liko mwanzoni. Mtoto aliyeko nje akikuambia, "Mama, tusubiri bei ishuke," mwambie ahesabu kwanza siku za viza.

Sasa hesabu yenyewe. Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja, kwa kukadiria kwamba chumba kimoja wanalala wawili. Mjane au mama anayesafiri peke yake hudaiwa nyongeza, na mara nyingine hulipa karibu chumba kizima. Tuseme tangazo linasema dola 600 kwa usiku saba. Wawili ni 1,200. Weka kodi na ada za bandari, tuseme 150 kila mmoja, inakuwa 1,500. Weka bakshishi ya watumishi, ambayo kampuni nyingi huikata yenyewe kwa kila siku. Ikiwa dola 16 kwa kila mtu kwa usiku saba, ni 224 nyingine. Tumefika 1,724, na bado hujanunua soda, wala hujashuka bandarini kutembezwa, wala hujalipia intaneti. Namba hizi ni za mfano, lakini mtindo ndio huo. Wakala akikupa bei, mwambie aiandike yote mpaka mwisho. Punguzo la asilimia 40 lililokatwa kwenye bei ambayo hakuna mtu aliyewahi kuilipa ni wino tu.

Hapa niseme kama muuguzi. Kampuni nyingi za meli hazimpokei mama ambaye mimba yake itafikisha wiki 24 kabla safari haijaisha, wala mtoto mchanga chini ya miezi 6. Mama anayekata tiketi mwaka mzima mbele, naye bado yuko kwenye umri wa kuzaa, afikirie jambo hilo na baba watoto wakiwa wametulia. (Msicheke. Mwaka ni mrefu.) Kabla ya kutoa kianzio uliza: nikijitoa nikiwa na miezi mitano, nikijitoa wiki sita kabla, narudishiwa kiasi gani? Majibu hutofautiana sana. Kwa kawaida kadiri unavyochelewa kujitoa ndivyo unavyopoteza zaidi, na tiketi za bei ya chini kabisa ndizo zenye masharti makali kuliko zote. Mwenye shinikizo la damu au kisukari anunue bima ya safari mapema, aseme ugonjwa wake waziwazi, maana kuficha ni kujinyima fidia. Daktari wa melini yupo, lakini hulipwa.

Na magonjwa ya kuhara huenea upesi watu wanapokula chumba kimoja kwa wiki nzima. Februari 2024 meli ya Norwegian Dawn, yenye abiria zaidi ya 2,000, ilicheleweshwa kuingia bandari ya Port Louis, Mauritius, kwa sababu baadhi ya abiria walikuwa wakiumwa tumbo na ilihofiwa ni kipindupindu. Vipimo vilionyesha sicho. Lakini waliokuwa washuke siku ile ili wapande ndege zao walibaki wakisubiri. Ndiyo maana nashauri ndege ya kurudi isikatwe kwa siku ile ile ya kushuka, hata kama ni rahisi. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Yale mafuta ya kupaka mikononi hayaui virusi vyote vya kuharisha.

Tuache Durban, turudi kwetu. Wengi wetu safari ya meli tutakayoifanya ni ya Zanzibar, kupitia Dar es Salaam. Zamani watu wa Kusini tulikuwa abiria wa meli tangu Mtwara. Masika yakishika, barabara ilikuwa ikikatika Rufiji, hata usafiri wa siku moja ukawa wa wiki. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata kidogo kidogo, basi likachukua abiria wote. Hivyo safari yetu ina tiketi mbili, na kila moja ina tabia yake.

Tiketi ya basi ina ukomo. LATRA ndiyo inayoweka nauli ya juu kabisa. Kwa mfano viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilometa kwa basi la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati, yaani shilingi 4,847 na 6,784 kwa kila kilometa 100. Mwenye basi haruhusiwi kuzidisha, lakini anaruhusiwa kupunguza. Katika miezi mikavu ya abiria, kama Februari na Machi, ushindani humfanya apunguze, nawe unaweza kuzungumza naye, hasa mkiwa kikundi. Desemba hakuna atakayekusikiliza. Mjini wanakuja kula Krismasi vijijini, vijijini wanakwenda mjini, wanafunzi wanarudi, na fedha za korosho zinazunguka. Kama lazima usafiri Desemba, kata tiketi Novemba, ofisini, siti yenye namba, na tiketi iandikwe kiasi ulicholipa. Anayengoja mpaka tarehe 20 huishia mikononi mwa wapigadebe.

Boti ya Zanzibar ni jambo jingine. Nauli yake haishuki dakika za mwisho, wala hupati nafuu kwa kusimama getini ukibembeleza. Nafuu iko kwenye kitambulisho. Mtanzania hulipa nauli ya mwenyeji, ambayo ni chini ya nusu ya ile anayolipa mgeni, lakini awe na kitambulisho mkononi. Watoto wana nauli yao, kwa hiyo chukua vyeti vya kuzaliwa. Daraja la kawaida linafika saa ile ile na daraja la wakubwa, kama saa mbili hivi kwa boti iendayo kasi. Ziko pia meli za polepole zinazobeba mizigo na magari, na hizo ni rahisi zaidi. Sioni ubaya wake kwa vijana, ila mama mwenye mtoto mgongoni namshauri boti ya mchana.

Lakini mama, kwa safari ya Zanzibar nauli ni sehemu ndogo. Kinachomaliza kikoba ni malazi, na hapo ndipo mwezi unapoamua bei. Julai na Agosti watalii wamejaa. Krismasi hadi mwaka mpya vyumba hupanda mno. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara pale Mji Mkongwe. Bei za chini kabisa ni Aprili na Mei, na sababu yake ni masika: mvua, bahari yenye mawimbi, na baadhi ya hoteli hufungwa. Mimi ningeuchagua mwezi wa Machi, siku za mwanzo, wakati wa maleleji, kaskazi inapokwisha na kusi haijaanza kuvuma. Bahari imetulia kidogo, watalii wanapungua, na kwetu palizi ya kwanza imekwisha. Ila tazameni kalenda, maana Ramadhani hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka. Katika Ramadhani chakula cha mchana ni vigumu kukipata mjini, na kula hadharani ni kuwakosea wenyeji. Siku za kukaribia Idi boti hujaa watu wanaorudi makwao.

Hivyo mpango wa kikundi unakuwa hivi. Malipo ya minada ya korosho yakiingia, mwezi wa Novemba au Desemba, kila mama atoe sehemu yake mara moja na iwekwe benki kwa jina la kikundi, kwa sahihi za watu watatu. Mahitaji ya shule yatolewe kwanza, na palizi ya shamba. Januari mjumbe mmoja aulize bei za nyumba tatu za kulala wageni, kwa maandishi, akitaja idadi ya watu. Watu 12 wakilala wawili wawili ni vyumba sita kwa mara moja, na mwenye nyumba huliona hilo. Kianzio kitolewe mwishoni mwa Januari.

Msitoe kianzio kwa fedha ambayo haijaingia. Wakulima wanakumbuka msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wengi wakangoja malipo miezi mingi. Bei ilikuwa nzuri, lakini aliyekuwa ameahidi kulipa Desemba hakuwa na cha kulipa.

Mkimtumia wakala, aonyeshe leseni yake ya utalii, ile ya TALA, na fedha ziingie akaunti ya kampuni. Namba ya simu ya mtu binafsi ikatalieni, hata akiwa ni mtoto wa shangazi. Anayesema "mwisho leo" mwambieni mtampa jibu baada ya kikao cha Jumapili. Punguzo la kweli lina tarehe iliyoandikwa, na halikimbii kwa sababu akina mama wamekaa kikao.

Jambo la mwisho ni jina lililo kwenye tiketi. Pale bandarini atatokea mtu mwenye tiketi ya mwenzake "aliyeghairi", kwa bei ya chini. Usinunue. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa na watu zaidi ya 2,000, wakati ilikuwa imeruhusiwa kubeba mia sita na kitu. Orodha ya abiria haikuwa kamili, na mpaka leo idadi ya waliopotea haina uhakika. Ukipanda kwa jina la mtu mwingine, siku ya shida hakuna ajuaye kwamba ulikuwamo, na bima haikujui. Vilevile ukiona chombo kimejaa mpaka watu wamesimama milangoni, rudi nyuma na watoto wako, hata kama nauli imekwisha lipwa na boti nyingine ni ya kesho. Katika fungu la safari wekeni akiba ya usiku mmoja wa ziada Dar es Salaam kwa ajili ya hilo. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika, na mama mjamzito asinunue dukani bila kumwuliza muuguzi wake kwanza.